Kompyuta Iliyokuwa Ikiganda

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikuwa mpiga chapa katika mradi wa visima mjini Shinyanga. Mtaalamu mgeni alituachia kompyuta moja, akanifundisha kwa wiki mbili, akarudi kwao. Humo tuliweka orodha ya vijiji vyenye visima vyetu, na pampu ipi imeharibika nini.

Kisha ikaletwa printa mpya. Fundi aliyeileta akaingiza programu yake, ile inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, akaondoka. Tangu siku hiyo kompyuta ikaanza kuganda. Ninaandika, mara herufi zinasimama, kibodi haijibu. Sina la kufanya ila kuizima na kuanza upya, na kazi ya asubuhi nzima imepotea.

"Ni vumbi hilo," alisema mkuu wetu. "Ijumaa ipakiwe kwenye gari, irudi Dar."

Niliumia. Vitu vyetu vilivyokwenda kutengenezwa Dar vilikuwa havirudi.

Jumanne akaja mama mmoja kutoka Didia, fundi wa pampu wa kijiji chake. Pampu yao ilikuwa imekufa, na gari la vipuri halingeweza kutoka bila orodha yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pampu ikigoma siilaumu yote," alisema. "Natoa kifaa kimoja, najaribu. Nakirudisha, natoa kingine. Wewe umetoa nini?"

Sikuwa nimetoa kitu. Nilikuwa nalalamika tu.

Alipoondoka nilichomoa waya wa printa. Kompyuta ikaganda vilevile. Nikaipangusa vumbi, nikaiwekea feni, ikaganda. Jumatano nikaiwasha kwa diski ya zamani ya yule mtaalamu, isiyo na programu ya printa. Ikafanya kazi kutwa nzima.

Nikafungua faili ambalo kompyuta hulisoma inapowaka, lenye mistari sita ya kuita programu mbalimbali. Nikaiondoa mmoja mmoja, kila mara nikiwasha upya. Ulipotoka mstari wa printa, ikatulia. Nilipourudisha, ikaganda.

Lakini bila programu hiyo tusingechapisha. Nikapekua boksi la printa, nikakuta diski nyingine chini ya kijitabu. Nikalinganisha majina: fundi alikuwa ameweka programu ya printa ya aina nyingine, tofauti kwa herufi moja tu. Nikaingiza iliyo sahihi.

Alhamisi mchana printa ikaanza kunguruma. Mkuu akatoka mbio ofisini kwake.

"Umeifanya nini?"

"Ilikuwa na programu isiyo yake, mzee."

Akaichomoa karatasi ya orodha kwenye printa, akaisoma yote akiwa amesimama. "Basi hilo gari la Ijumaa lipakie vipuri," alisema.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Wabeja, asante sana, mwanangu. Maji yanatoka."

Akaomba aione hiyo mashine. Nikamtafutia Didia kwenye kioo. Akasogea, akasoma polepole, kisha akaweka kidole.

"Hapa mmeandika mbovu. Futa."

Nikafuta. Akasubiri mpaka nilipomaliza kuandika "inafanya kazi", ndipo akaketi, tukala michembe.