Wembe wa Chumba Namba Nne

Chumba namba nne cha ile hoteli ya barabarani kimepewa jina la bibi yangu Nomadlozi, aliyechora kuta mpaka akapandishwa ndege kwenda kuchora Ulaya. Kuta zote za chumba hicho ni ule mchoro wa bibi tunaouita wembe, wenye meno, bluu na waridi. Hata foronya zina wembe. Ila aliyechora ni mama yangu, NaMtsweni, mkwe wa bibi, kwa unyoya wa kuku, maana bibi alikuwa ameshakufa. Kisha wakapaka juu yake dawa inayong'aa, usifutike kamwe.

Kila Jumamosi mama anakaa humo na blanketi lake na pete za shaba shingoni, kashika unyoya usio na rangi, wageni wanampiga picha. Dirisha halifunguki. Akirudi nyumbani haongei.

Kuna karatasi alitia sahihi. Mimi niliishia darasa la tano, nikaisoma polepole: michoro ya rangi ya Nomadlozi isichorwe popote ila hotelini.

Sasa kaka yangu Mphikeleli alikuwa jandoni, anatoka Ijumaa. Kijana akitoka lazima akute ukuta wa kwao umechorwa upya. Usipochorwa, watu husema mama yake hakumngoja. Na mama hajui mchoro mwingine. Alifundishwa huo akiwa bibi harusi, akikosea anachapwa vidole.

Jirani yetu NaSkosana akachungulia uani. "We NaMtsweni, mwanao anarudi nyumbani au zahanati? Ukuta mweupe huo!"

"Kapike kwako."

"Nimeshapika. Au siku hizi huchori mpaka ulipwe?"

Mama akaenda kwa Bi Lizelle, meneja. Nilimsindikiza.

"Mama, ingekuwa mimi ungechora hata leo," Bi Lizelle akasema. "Wenye hoteli ndio wagumu. Nitawaandikia, mwezi ujao watajibu."

"Mwezi ujao mwanangu atakuwa na wajukuu."

Bi Lizelle akacheka sana. Mama hakucheka.

Alhamisi akaniambia, "Lete mavi ya ng'ombe, mabichi." Akayachanganya na udongo, akaufunika ule weupe wote. Kabla haujakauka akaanza kuukwaruza kwa vidole. Jino, jino, jino.

"Mama, si ndio wembe huo?"

"Karatasi inasemaje?"

"Michoro ya rangi."

"Unaona rangi hapa?"

Nikaangalia. Ukuta ulikuwa wa kijivu tupu.

Ijumaa vijana walifika jua likiwa utosini, na jua hilo halitoi kivuli, mikwaruzo ikawa haionekani. Wanawake wakapiga vigelegele. NaSkosana akautazama ukuta, akasonya. "Kapaka mavi tu, maskini." Mama alisikia. Ile mikanda ya shanga anayovaa mama wa kijana aliyetoka jandoni, tunayoiita machozi marefu, ilikuwa inamning'inia kutoka kichwani hadi chini, hakuigusa.

Mphikeleli akausogelea ukuta. Kisha akaweka kiganja, akakitembeza mpaka pembeni.

"Mama. Huu si wembe wa bibi?"

"Punguza sauti," mama akasema, akaangalia barabarani.

Kesho yake Jumamosi akavaa pete zake, akaenda. Jioni aliniambia neno moja tu la huko: Bi Lizelle alimpa sabuni na kijiti, asafishe kucha kwanza, wageni wasije wakaona uchafu.