Mchumba wa Kusingizia

Bado naikumbuka asubuhi niliyomwomba kijana wa watu ajifanye mchumba wangu. Usishtuke, mwanangu. Juzi uliponiachia simu yako nisome kile kitabu kinachokuchekesha peke yako barazani, nilivaa miwani nikidhani nitasoma kurasa mbili tatu. Nikakimaliza chote. Msichana na mvulana wanakubaliana kuwadanganya jamaa zao kuwa wamechumbiana, kisha uongo wenyewe unageuka mapenzi. Nilicheka sana. Lakini nikajiuliza: mbona hadithi hizi ni tamu hivi, na yangu mimi ilinichoma?

Nilikuwa na miaka ishirini, nashona nguo hapa Amu nyumbani kwa ami yangu. Mfanyabiashara mmoja aliyefiwa na mkewe akaja kuniposa. Hakuwa mtu mbaya, ila sikumtaka, na niliogopa kumwambia ami. Jirani yetu Athman, fundi wa redio, naye alikuwa akisumbuliwa na mamake aoe. Nikampitia dukani kwake nikampa mpango wangu: aseme anataka kuniposa, ila anajipanga kwanza. Baadaye tutasema tumeshindwana.

Akacheka. "Na tukisahau kuwa ni mchezo?"

"Mimi sisahau," nikamjibu.

Akamwendea ami, na yule mfanyabiashara akaambiwa angoje. Haukupita mwezi wa pili nikawa nimesahau. Kila Alhamisi alimtuma dadake aniletee kikuba cha asumini, kile kishada cha maua ya kunukia, ili watu waone. Nilijua ni cha watu waone, na bado nilikilaza kando ya mto wangu.

Kisha mamake, Bi Mwanaisha, akapanda mashua kutoka Pate kuja kunitazama. Aliketi nami ukumbini, akafungua kitambaa, akatoa bangili zake za fedha. "Hizi nalivikwa na mama mkwe wangu," akasema. "Hebu jaribu."

Zilinienea. Nikaangua kilio, nikamweleza yote.

"Kama humtaki mwanangu, hilo si kosa," akaniambia. "Lakini mimi mumenifanya nikupende, wala hamkuniuliza." Akanitazama vizuri. "Na hivi walia nini? Au wamtaka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kamuulize. Uongo mliusema pamoja. La kweli utalisema peke yako."

Kesho yake nilikwenda. Athman aliweka bisibisi chini, akanisikiliza mpaka mwisho. "Rukia, mimi nalikuwa nakusaidia tu," akasema kwa upole. "Nisamehe."

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilihisi kila mtu barazani ananisoma usoni. Lakini kwa kuwa aibu ilikuwa imeshanifika, nikaingia moja kwa moja kwa ami nikamwambia kwamba nilidanganya, na kwamba yule mfanyabiashara simtaki. Alininunia siku nyingi. Hatimaye akaipeleka ile hapana kwa heshima, na mambo yakaisha. Kumbe ningeweza kusema tangu mwanzo! Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuja kuniposa miaka miwili baadaye, nami nikamkubali kwa moyo mmoja.

Sasa nadhani nimelipata jibu. Kitabuni, wewe msomaji unaiona mioyo yote miwili. Unajua kijana anampenda yule msichana kabla yeye mwenyewe hajajua, ndiyo maana unacheka bila hofu. Mimi nilikuwa nauona moyo mmoja tu, wangu, nao nilikuwa naudanganya. Tena mama wa kitabuni hukasirika ukurasa huu, ukurasa wa pili ameshapika biriani. Bi Mwanaisha alirudi Pate na bangili zake, na ulipita mwaka mzima kabla hajaniletea salamu.

Basi soma, mwanangu, ucheke ushibe, na ukipata kingine nami nitakiomba. Ila usiyemtaka, waambie wazee wako mapema, hata kama sauti itatetemeka. Unayemtaka, usimtie katika mchezo ili upate kuwa karibu naye. Mwache ajue nia yako, kwa adabu na kwa uwazi. Ukijibiwa hapana utalia, kisha utakula, utalala, utaamka. Mimi niliamka.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mkweli na moyo usioogopa, na akukutanishe na mtu ambaye hutahitaji kukisia yaliyomo ndani yake. Amin.