Kitabu Kilifika, Watu Hawakuwepo

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Nakuru, miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipopigana na Mau Mau na kuwashuku Wakikuyu wote, nilipokuwa msichana mwenye kiburi cha kazi mpya. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya ustawi wa jamii, nami nilitumwa kuchunguza maisha ya watoto wa shamba moja la maua ya pareto upande wa Keringet, ambao baba zao walikuwa kizuizini.

Nilisema siendi bila kitabu cha mwongozo. Wewe unalalamika leo kwamba vitabu vya utafiti wa kazi yako havipatikani. Hujui kukosa ni nini. Maktaba ya mjini haikuwa ya ngozi yetu. Mhindi muuza vitabu alinipa kiti kwa heshima, akaniambia kitabu cha namna hiyo hutoka ng'ambo kwa meli. Nikaagiza, nikakaa kukingoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliona nimeinama vya kutosha.

Wakati huo Mzee Kipkemoi, mzee wa kanisa aliyechunga ng'ombe wa shamba lile, alikuja ofisini zaidi ya mara moja. Alitaka niandike habari za nyanya mmoja, Wangeci, aliyeachiwa wajukuu: kwao ni wapi na ndugu zao ni nani, ili mwanawe akifunguliwa ajue pa kuwafuata. Nilimjibu kwa adabu kwamba maswali haya yana utaalamu wake, angoje kidogo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Kitabu kilipofika nilipanda lori nikiwa nimekipakata. Nilikuta milango ya laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, iko wazi na majivu mekoni yamepoa. Wakikuyu wote wa shamba walikuwa wamepakiwa kwenye magari wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, na hakuna aliyejua Wangeci aliteremshwa wapi. Mzee Kipkemoi hakunifokea. Alikitazama kile kitabu, akasema, "Kitabu umepata, msichana wangu. Sasa utauliza nani?"

Baadaye yule mwana wa Wangeci, baba wa watoto, alifunguliwa. Alikuja akaketi kwenye benchi la ofisi yetu, kofia mkononi, akaniuliza watoto wake wako wapi. Nilifungua faili la shamba lile mbele yake, na jina la Wangeci halikuwamo. Sijui mpaka leo kama aliwapata, na uchungu wake haujanitoka.

Kwa hiyo tafuta vitabu, mwanangu, usidhani navidharau. Uliza maktaba, uliza walimu, uliza waliokutangulia kazini, na ukikipata angalia kiliandikiwa watu gani. Lakini mtu akikujia na shida, andika jina lake, kwao na watu wake siku hiyo hiyo, hata kama huna mwongozo. Ukiuliza vibaya leo, utarudi kesho urekebishe. Aliyekwisha kuondoka utamrudia wapi?

Mungu akupe macho ya kusoma na miguu ya kuwahi, akuepushe na swali la baba yule.