Bima ya Kwenda Kumchukua Mama Tarime

Niliondoka nyumbani kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa ng'ambo ya mpaka, na alikuwa amesema hataki kufia huko. Habari ililetwa na mwinjilisti wa kanisa letu aliyekuwa akitoka Tarime. Alinikuta shambani kwetu Nyamira, kikapu cha majani chai kingali mgongoni. "Kemunto anasema uje na gari," akaniambia. "Mama hawezi basi tena." Kemunto ni dada yangu. Aliolewa na Mkuria wa Tarime anayeitwa Mwita, na mama alikuwa amekwenda kumsaidia kulea mtoto. Huko ndiko miguu ilikoanza kuvimba na kifua kukataa pumzi.

Gari ninalo. Ni pikapu, ila sisi Wagusii wengi tunaitamka bikabu, maana lugha yetu ya nyumbani haina sauti ya P. Pesa kwetu ni chibesa. Nataka msomaji ashike jambo hilo dogo tangu mwanzo, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Mara ya kwanza kuvuka mpaka wa Sirari na pikapu hiyo nilikuwa nimepakia ndizi, na mdogo wangu Nyang'au ameketi kando yangu. Bima yangu ya kawaida iliishia upande wa Kenya. Ukitaka kuvuka ilikupasa ukate nyingine ya muda mfupi. Binamu yangu Onchiri akanipeleka kwa rafiki yake Zablon Mokua wa Nyamarambe, aliyekuwa akizunguka soko la Daraja Mbili na mkoba wa ngozi kwapani. Zablon alichukua pesa, akaondoka na gari, akarudi nalo likiwa na kibandiko kwenye kioo. Akasema, "Omogaka, nimekubimia. Nenda." Omogaka ni mzee, neno la heshima. Mimi niliishia darasa la tatu. Nilisikia bima, nikaenda.

Ukishapita Sirari kuna kona. Lori lilikuja katikati ya barabara, nikalikwepa, nikamgonga mtu wa baiskeli, tukabingirika. Nyang'au alikufa pale pale. Mimi nilitoka na mguu wa kuburuta na mkono wa kushoto usio na vidole vya kushika kitu. Mpaka leo nabadilisha gia kwa kiganja. Mtu wa baiskeli alipona, lakini nyonga ilikuwa imevunjika na ilibidi alipwe. Kibandiko changu kikasomwa. Kilikuwa cha kupima gari: breki, taa, usukani. Bima hakuna. Ng'ombe wangu wakauzwa wote, na shamba la bondeni alilotuachia baba likafuata.

Mbele ya chifu, Zablon alisimama akasema bila kupepesa macho, "Mimi nilimwambia nime-ku-pi-mi-a. Kama masikio yake yalisikia bima, basi mshtakini sikio." Watu wakacheka. Onchiri naye alicheka, na mpaka leo nayaona meno yake.

Kwa hiyo mke wangu aliposema niondoke saa ile ile, nilikataa.

"Utamwacha mama yako afe kwa sababu ya karatasi?"

"Sivuki bila bima. Nikifungwa Tarime, mama atabebwa na nani?"

Akaingia jikoni kunifungia ndizi za kuchemsha.

Ijumaa asubuhi nilishuka kutoka Nyamira. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu uliteleza kama sabuni. Lami ilikuwa haijafika kwetu miaka hiyo. Nilikwenda polepole nyuma ya lori la majani chai, kiganja kwenye gia, nikijiambia jambo moja tu: leo ni Ijumaa, na Kisii Ijumaa ni siku fupi. Wasabato wengi hufunga kazi mapema wajitayarishe, maana Sabato huanza jua likizama. Mimi mwenyewe ni Msabato. Nilijua nikichelewa nitangoja mpaka Jumatatu, na pumzi za mama hazikuwa za kungoja Jumatatu.

Daraja Mbili nilisimama kununua mafuta ya taa ya kumpelekea Kemunto. Kabla sijafunga kifuniko cha kibuyu, nikasikia sauti niliyoijua.

"Omogaka Nyabuto! Bado unaendesha hii bikabu? Nilidhani ulishaifanya banda la kuku."

Zablon Mokua. Mkoba ule ule, na tumbo limeongezeka.

"Naenda Tarime," nikamwambia.

"Tarime! Basi nikubimie. Kwako nitafanya bei ya ndugu."

Mama mmoja wa ndizi aliyekuwa ameketi karibu akacheka na kusema, "Zablon, huyu ulishambimia mpaka mguu ukawa mfupi."

"Mama, wewe pima ndizi zako," akamjibu. Nilisikia. Mara hii P yake ilitoka safi kama ya mtangazaji wa redio. Nilipanda gari nikaondoka bila kumjibu. Lakini neno lile nililibeba.

Kisii mjini, ofisi ya bima ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Ndani nilimkuta Bi. Akinyi, mama wa kutoka upande wa ziwa, akifunga dirisha.

"Tumefunga, baba. Rudi Jumatatu."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia mama yangu anakufa ng'ambo na mimi sitoki pale. Nikamwonyesha mkono wangu, nikamweleza yote, kuanzia kibandiko mpaka meno ya Onchiri. Akafungua dirisha tena.

"Sikiliza, baba. Bima hukatwa. Unasema, nikatie bima. Kupima ni kazi ya fundi na mizani. Mtu akikuambia amekubimia, hajakuambia kitu. Lete kiganja." Akakishika kiganja changu kibovu bila kuogopa, akakiweka mbele ya mdomo wake. "Pima. Umesikia upepo?"

"Nimesikia."

"Bima. Je?"

Hakukuwa na upepo. Mdomo ulijifunga tu na kufunguka.

"Mimi Mluo," akasema. "Sisi sauti zote mbili tunazo, na nyinyi tunawacheka sana." Kisha akaniandalia bima ya wiki moja, ya kuvuka na kurudi. Lakini haikuwa na sahihi. Mkubwa wake, Mzee Elkana, alikuwa ameshakwenda nyumbani Mosocho kujitayarisha kwa Sabato, na bila sahihi yake bima haina nguvu. "Kimbia," Bi. Akinyi akaniambia. "Jua likizama, yule mzee hashiki kalamu hata umletee malaika."

Mosocho nilifika jua likiwa limeshuka juu ya migomba. Uani kwa Mzee Elkana sufuria zilikuwa zimeshafunikwa, viatu vya watoto vimepigwa rangi na kupangwa ukutani. Mwenyewe alikuwa ametoka kuoga, taulo shingoni.

"Wewe ni Msabato?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na unataka nikutilie sahihi ukasafiri siku ya Bwana?"

"Yesu alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa. Mama yangu hana hata thamani ya ng'ombe?"

Alinitazama, akatazama jua, akaitisha kalamu. Akaweka sahihi juu ya goti lake. Kisha akanirudishia na kusema, "Haya, kijana, nimekubimia."

 Yeye ni Mgusii kama mimi, na mdomo wake ulikuwa umetoa neno lile lile la Zablon.

"Sema umenikatia," nikamwambia.

"Si ni hayo hayo?"

"Si hayo hayo, mzee. Hebu niambie: nikigonga mtu ng'ambo, nani atalipa?"

"Kampuni."

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Hawatakuja kwa ng'ombe wangu?"

"Una ng'ombe?"

"Sina. Walikwisha."

Mzee Elkana akaacha kutabasamu. Akanishika bega na kusema taratibu, kama anaapa, "Nyabuto, nimekukatia bima. Ukigonga, kampuni italipa. Nenda kamlete mama yako." Jua likagusa kilima. Akampa mkewe kalamu aiweke mbali.

Jumamosi, alfajiri, nilitoka Suneka, nilikokuwa nimelala ndani ya gari. Nilipita Rongo watu wakienda kanisani na Biblia zao, nikaona aibu kidogo, nikaendelea. Baada ya Rongo ni mashamba ya miwa, na nchi inakuwa tambarare na joto. Migori nilivuka daraja, nikajaza maji kwenye rejeta, nikala zile ndizi za mke wangu zikiwa baridi. Isebania walinipitisha upesi. Miaka hiyo mpaka ulikuwa bado wazi, kabla haujafungwa na kufunguliwa tena.

Sirari, ofisa wa Tanzania alizunguka gari, akatazama bati la mlango ambalo rangi yake si ya gari.

"Ndugu, bima."

Alisema kwa Kiswahili chao kilichonyooka, na mdomo wake haukutoa upepo. Nikampa. Alisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. 

"Umekatiwa Kisii?"

"Kisii."

"Safi. Karibu, ndugu. Endesha polepole, kuna kona mbele."

"Naijua," nikasema.

Kwenye kona sikutazama kando. Niliweka gia kwa kiganja nikapita.

Tarime, nyumbani kwa Mwita, mama alikuwa ameketi juu ya mkeka kivulini, miguu imevimba kama magogo. Kemunto alilia aliponiona. Mwita, shemeji yangu, alileta kiti. "Shemeji, mama yako tumembembeleza sana," akasema. "Anataka nyumbani tu. Lakini akisikia ni gari lile, anakataa."

Nikapiga magoti. "Mama, nimekuja."

"Na bikabu?"

"Ndiyo."

"Ile iliyomla Nyang'au."

"Ile ile. Lakini sasa ina bima."

"Hata siku ile mlisema ina bima."

Nilimweleza yote, Bi. Akinyi, Mosocho, kalamu, nani atalipa. Alisikiliza macho yamefungwa. Halafu akauliza, "Na Nyang'au? Hiyo kampuni ingekuwapo siku ile, ingemlipa?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mgonjwa, nami nilitaka apande gari.

"Hapana, mama. Ingetuachia ng'ombe na shamba. Nyang'au hakuna wa kumlipa."

Akafungua macho. "Sasa umesema kweli. Ningesikia umesema ndiyo, ningefia hapa hapa. Nibebeni."

Hakuweza kusafiri siku hiyo. Jumapili alikunywa uji kidogo, na Mwita akamfungia godoro nyuma ya gari, lakini alilikataa. Alitaka kuketi mbele, mahali alipoketi Nyang'au.

Jumatatu tuliondoka asubuhi. Kwenye kona akaniambia nisimame. Hakushuka. Alitazama majani ya kando ya barabara, akasema jina la mwanawe mara moja, kisha akaniambia twende. Njia nzima alitaka nimwonyeshe mchezo wa Bi. Akinyi. Nilimwekea kiganja changu mbele ya mdomo, akajaribu na kujaribu kusema pima, ikatoka bima, bima. Karibu na Awendo upepo ukatoka. Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa.

Daraja Mbili ilikuwa siku ya soko. Nilitaka kupita upesi, lakini watu walijaa barabarani, na Zablon Mokua akaja mpaka dirishani.

"Mama! Umerudi nyumbani! Omogaka, si nilikuambia utafika salama?"

"Zima gari," mama akaniambia. Nikazima. Akatoa mkono nje ya dirisha, ule mkono mwembamba, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa Zablon. "Sema," akamwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Lile gari la watoto wangu, siku ile, ulilifanya nini? Sema lile neno. Likitoka na upepo, ulijua tofauti ukamnyamazia. Likitoka bila upepo, ulimuuzia bima isiyokuwapo. Sema, nasikiliza kwa mkono."

Wale mama wa ndizi waliacha kupanga ndizi. Zablon alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama watu. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na mama hakuondoa kiganja.

"Kavu kabisa," mama akasema mwishowe. Akafuta kiganja kwenye leso yake. "Twende nyumbani."

Tulifika Nyamira kabla ya mvua ya jioni. Mama aliishi nasi mpaka majani chai yale niliyoyaacha yalipochipuka upya na kuchumwa tena. Alifia kitandani kwake, na tulimzika kando ya Nyang'au, kwenye shamba dogo lililobaki.

Nilichojifunza nawaambia nyinyi mnaovuka na magari yenu. Bima hukatwa. Usinunue neno kwa mtu. Muulize nikigonga, nani atalipa, na usiondoke mpaka akujibu kwa jina la atakayelipa. Hata akikasirika, hata jua likizama, ngoja jibu. Na mkikutana na Zablon Mokua wa Nyamarambe, au Onchiri binamu yangu akiwaleta kwake, msibishane nao. Wekeni kiganja mbele ya mdomo kwanza.