Mistari Iliyonyooka ya Bodo

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kunyoosha mistari. Siku niliyoanza kazi ya uhamasishaji, yaani kuwakutanisha wanakijiji na mradi wa kupanda mikoko, nilifika kijiji cha Bodo na kamba yenye mafundo. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifundisha kwa vijitabu na video za simu, kwa hiyo niliogopa mno kuonekana sijui. Nilizungumza nusu saa na wanaume wa kamati ya kijiji, kisha tukapanda miche ya mkoko kwenye tope, fundo kwa fundo. Ilipendeza hata nikaipiga picha mara arubaini.

Wiki chache baadaye haukubaki hata mche mmoja. Mratibu wa mradi, mama mkali, aliniita ofisini mjini Ukunda.

"Picha nimeziona. Mikoko yenyewe iko wapi?"

Nikaanza kujieleza, akanikatiza. "Utapanda mara moja tena. Ikifa na hiyo, Bodo tunaitoa kwenye mradi."

Nilirudi Bodo. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa wakitanda, yaani kuvua uduvi kwa leso. Nilimwamkia mkubwa wao, Bi Mwanasiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule fundi wa kushona tope?"

Wenzake walicheka mpaka uduvi ukawamwagika.

"Mbona hamkuniambia?"

"Kwani ulituuliza? Pale ndipo maji yanapopita kwa nguvu. Sisi wenyewe hatusimami pale, sembuse kijiti chako!"

Nilivua viatu. Asubuhi yote niliwafuata nyuma, tope magotini, mdomo nimeufunga; sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Walinionyesha mlilana, mti unaovumilia mawimbi mbele, na pahali patulivu nyuma yake ambapo mkoko hushika. Tulipanda mmoja hapa, watatu kule, na vidole vikaniwasha kuipanga.

"Toa mikono yako, mwanangu!" akanikemea Bi Mwanasiti, kisha akaendelea kupanda huku akiimba.

Ikashika. Mratibu alikuja, akaikagua mche kwa mche. "Imekaa upande upande," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

Mwezi ujao naiacha kazi hii, na anayeipokea ameniomba nimwandikie haya. Wasiwasi ninao bado. Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Lakini Bodo siku hizi mpango wa upandaji hutolewa na wanawake wa uduvi, na ofisi husubiri wamalize kusema.