Kinyozi, Presha na Wembe

Kilichompandisha presha kinyozi hakikuwa chumvi, bali mpira. Tangu anafungua kibanda wateja walibishana juu ya penalti, naye hakuweza kujizuia kuingilia. Daktari akamwonya kwamba presha isiposhuka mwezi huu, itabidi aache kazi akapumzike nyumbani. Na nyumbani alikuwapo mama mkwe, shabiki sugu wa timu pinzani.

Shemeji yake akamfundisha mazoezi ya Kichina: simama kama korongo, inua mikono polepole, vuta pumzi puani, itoe mdomoni.

Jumamosi ubishi ukawaka. Kinyozi akanyanyua mguu mmoja, akafumba macho, akainua mikono. Wembe alikuwa bado ameushika.

"Fundi," akanong'ona mteja aliyekuwa kitini, povu limejaa kidevuni, "nimekubali, ile ilikuwa penalti halali kabisa."

"Mimi hata mpira siangalii," akadakia wa kwenye benchi.

Tangu siku hiyo kibanda kikatulia kama maji ya mtungini.

Kule kliniki, daktari alimpima mara mbili asiamini. "Hongera, fundi! Zoezi gani limekusaidia zaidi?"

"La korongo, daktari. Ila bila wembe halifanyi kazi."