Sehemu ya Pili

Juzi mwanangu alikuwa akitazama filamu moja ya zamani kwenye simu. Nilipochungulia tu, akaniziba mdomo. "Mama, usinihadithie mwisho!" Nikatoka nje, nikasimama kuitazama milima.

Picha ile ililetwa kwa vipande kwenye banda la video la mtaani kwetu Chamwino, chini ya milima ya Uluguru: Jumapili hii sehemu ya kwanza, Jumapili nyingine ya pili. Aliyetangulia kuiona hakuruhusiwa kusimulia mwisho, na dada yangu Zena ndiye aliyewapiga makonzi wenye midomo mirefu. Sehemu ya kwanza tuliiona pamoja. Ya pili niliiona peke yangu, maana yeye alikuwa hainuki tena kitandani.

Niliporudi alasiri ile, mvua ilikuwa imeshuka kutoka Uluguru. Chumba kilinukia udongo mbichi na dawa ya kuchua kifua.

"Niambie, steringi anakufa?"

"Si umekataza kusimulia? Utaiona ukipona."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "We niambie tu, mdogo wangu. Sikupigi."

Nilidhani uvumilivu umemshinda. Sikujua kwamba alishaacha kuingoja Jumapili nyingine. Nikamsimulia yote kwa ngumi na milio ya bunduki, mpaka steringi, yule shujaa wa picha, anaporudi nyumbani na mama yake anamkimbilia.

Zena alitabasamu, akafumba macho. Mlangoni, mama aliacha kupepeta mchele, akajifunika uso kwa khanga.

"Mama, usilie," nikamwambia. "Si nimesema hafi?"